Maji Mazuri kwa Macho: Habari za Floraidi, Meno na Mifupa

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, na kupigwa chapa kwa ombi la Halmashauri



Tulipotakiwa na Halmashauri kusema mbele yenu habari za uchunguzi wa elimu ya vitu vya asili na afya ya mwanadamu, tulisita kidogo, kwa kuwa jambo hilo ni pana kama bahari, nasi tumepewa nusu saa tu, na viti vya ukumbi huu vyajulikana kwa ugumu wake. Basi tumeonelea heri tuteke kikombe kimoja katika bahari hiyo. Na tunaposema kikombe hatusemi kwa mfano tu, maana habari tuliyoichagua ni habari ya maji ya kunywa, na kitu kimoja kilichomo ndani yake, kisichoonekana kwa macho wala kujulikana kwa ulimi.

Zamani kidogo tulikuwa karani katika afisi ya wilaya moja. Hatutaitaja, kwa sababu wengi wa tuliofanya nao kazi wangali hai, na yamkini baadhi yao wamo humu. Kazi yetu ilikuwa kupokea barua na kuziweka katika majalada. Siku moja ikaja karatasi kutoka maabara, yenye habari za kisima kirefu kilichochimbwa kwa mtambo. Ilikuwa na safu nyingi. Vijidudu, hapana. Chumvi, kadiri. Rangi, safi. Ila mstari mmoja ulioandikwa floraidi ulikuwa na tarakimu iliyopigiwa mstari kwa wino mwekundu. Hatukujua maana yake. Tulimwuliza mkubwa wetu, naye akajibu ya kwamba kisima kimekwisha kulipiwa, na watu wana kiu. Maneno hayo yote mawili yalikuwa kweli. Tukaitoboa karatasi, tukaifunga jaladani, tukaipa namba. Kisima kikafunguliwa kwa ngoma, nasi tukala pilau siku ile pamoja na wageni wengine.

Ikapita miaka mingi. Tukapita tena katika kijiji kile kwa shughuli nyingine, na watoto wa shule wakatuamkia kwa adabu. Walipofumbua vinywa tuliona wengi wao wakiinua mkono kuziba midomo, kama mtu apigaye mwayo mbele ya wakubwa. Meno yao yalikuwa ya rangi ya kahawia, na mengine yamemomonyoka mfano wa chokaa ya ukuta uliopigwa na mvua. Mwalimu akatuonyesha msichana mmoja, akasema ni wa kwanza katika hesabu, lakini hakubali kusimama kusoma mbele ya wenzake. Na bibi mmoja mzee aliyekuja kuteka maji akatuambia, "Mwanangu, meno haya yalianza baada ya bomba. Sisi tuliolelewa kwa maji ya kijito cha juu hatunayo." Tulimjibu kwa heshima, lakini nafsini mwetu tulikuwa tukiisoma tena ile karatasi.

Hiyo ndiyo sababu ya kuchagua habari hii. Sasa tuwaeleze jinsi ilivyopata kujulikana duniani, kwa maana yule bibi, bila kujua, alisema jambo lile lile walilolisema akina mama wa Marekani karibu miaka mia moja iliyopita, na kwa kusikilizwa kwao elimu ilipata kwenda mbele.

Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, jina lake Frederick McKay, alifika katika mji wa Colorado Springs, chini ya milima mirefu ya magharibi ya Marekani, ili afungue chumba cha kazi yake. Akaona kwa mshangao kuwa wenyeji wengi wana mawaa ya kahawia katika meno, mengine meusi kama chokoleti. Akatafuta katika vitabu vya kazi yake, asione habari zake. Akawauliza wenyeji, nao kila mmoja alikuwa na sababu yake: huyu asema ni kula nyama ya nguruwe kupita kiasi, huyu asema ni maziwa mabaya. Wenziwe wa kazi hawakujali. Lakini mwaka 1909 akafaulu kumvuta mwalimu mkuu wa elimu ya meno, G. V. Black, aje aone kwa macho yake, na katika mwaka huo ikaonekana ya kuwa karibu watoto 9 katika kila 10 waliozaliwa mjini humo walikuwa na mawaa.

Wale wawili walifanya kazi pamoja hata Black alipokufa mwaka 1915, na katika miaka hiyo waligundua mambo mawili ambayo hayajatenguka mpaka leo. La kwanza, mtu aliyehamia mjini akiwa mzima, meno yake yamekwisha kukomaa, hakupata mawaa kamwe. Mawaa humpata mtoto tu, katika miaka ambayo meno yake yangali yakijengwa ndani ya ufizi. La pili lilikuwa ajabu kubwa: meno yale yenye mawaa hayakuoza upesi kama meno mengine. Wakaona kitu kimoja chaharibu na kulinda, wasijue ni kitu gani.

Mwaka 1923 McKay alivuka milima mpaka mji mdogo wa Oakley, katika jimbo la Idaho, kwa kuwa wazazi wa huko walilalamika. Akina mama wakamwambia ya kwamba mawaa yalianza kuonekana baada ya mji kujenga bomba la kuleta maji kutoka chemchemi ya moto iliyo maili tano hivi kutoka mjini. McKay akapima maji yale kwa vyombo vya wakati ule, asione kitu cha kutia shaka. Twaomba hapa mtusikilize vizuri, Bwana Mwenyekiti, maana ndipo penye sifa ya mtu huyu. Karatasi yake ya vipimo ilisema maji ni mema. Akina mama walisema maji ni mabaya. Naye akachukua maneno ya akina mama. Akawashauri waliache bomba lile na kutumia chemchemi nyingine. Wakaliacha mwaka 1925, na baada ya miaka michache watoto wadogo wa Oakley wakaota meno meupe.

Sababu yenyewe ilipatikana kwa njia isiyotazamiwa. Ulikuwako mji mmoja katika jimbo la Arkansas uitwao Bauxite, mali ya kampuni kubwa ya kutengeneza alumini. Watoto wa hapo walikuwa na mawaa, na watoto wa mji wa jirani, mwendo wa maili chache tu, hawakuwa nayo. Habari ikamfikia H. V. Churchill, mkemia mkuu wa kampuni. Wakati huo watu walikuwa wakivumisha kuwa sufuria za alumini zina sumu, naye hakutaka wapate neno jingine la kusema. Akaamuru maji ya Bauxite yachunguzwe kwa chombo kinachopasua mwanga. Kwa maana kila kitu kikiunguzwa kwa moto mkali hutoa mwanga wa rangi zake chenyewe, na mwenye kuzijua rangi hizo hukitambua kitu kama sisi tunavyotambua mwandiko wa mtu katika barua. Msaidizi wake akarudi na jibu: maji yana floraidi, tena nyingi sana. Churchill hakuamini. Akadhani maji yamechafuliwa njiani, akaagiza chupa nyingine. Jibu likawa lile lile. Ndipo mwaka 1931 alipomwandikia McKay barua, na McKay akakusanya maji ya miji mingine yenye mawaa, na yote yakaonekana yana floraidi. Mwaka uo huo wataalamu wa Arizona, nao wakiwa mbali na hawa, walikuwa wamewanywesha panya maji ya kijiji cha St. David yaliyochemshwa mpaka yakapungua, na meno ya panya yakaota mawaa.

Baada ya hapo Serikali ya Marekani ilimpa daktari wake, H. Trendley Dean, kazi ya kupima kadiri. Maana sasa swali halikuwa tena "ni nini?" bali "ni kiasi gani?" Dean alizunguka miji mingi akitazama vinywa vya watoto na kupima maji yao, akaona ya kwamba penye miligramu 1 hivi ya floraidi katika lita moja ya maji, mawaa ni haba na hafifu, na meno hayaozi ovyo, lakini kadiri inavyozidi, ndivyo mawaa yanavyozidi. Kwa sababu hiyo mji wa Grand Rapids, katika Michigan, ulianza mwezi wa Januari 1945 kutia floraidi katika maji yake kwa kusudi. Mwenye kusikia habari hizi nusunusu hupotea: wengine husema floraidi ni dawa, wengine husema ni sumu, wakagombana bure. Tofauti iko katika tarakimu.

Kuhusu meno yatosha. Lakini meno si mwisho wa jambo. Mwaka 1937 madaktari wa jimbo la Madras, huko India, walieleza habari za watu wa wilaya ya Nellore ambao migongo yao ilikakamaa kama mti, wasiweze kugeuza shingo, nao walikuwa wakinywa maji ya visima yenye floraidi kwa miaka mingi. Na katika mwaka uo huo Kaj Roholm wa Copenhagen alichapa kitabu kikubwa juu ya wafanyakazi wa kiwanda waliovuta vumbi la jiwe la krayolaiti, lenye floraidi nyingi, na mifupa yao ikawa mizito na mishipa ya viungo ikageuka kuwa mifupa. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha huumia zaidi: miguu hupinda, au matege, au magoti yakagongana.

Sasa turudi kwetu. Yule ajuaye barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi amepita mahali paitwapo Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, ambapo mto wenyewe una rangi ya chai. Watu wa sehemu zile wamejua meno ya kahawia tangu zamani, na vijiji kadhaa vya pale vimejulikana kwa watoto wenye miguu iliyopinda. Wataalamu walioyapima maji ya mteremko wa kusini na mashariki wa Meru, na kuchapa matokeo yao mwaka 1984, waliona katika mito miligramu 12 mpaka 26 kwa lita, katika chemchemi 15 mpaka 63, na katika maziwa na madimbwi ya magadi 60 mpaka 690. Mkumbuke ile miligramu 1 ya Bwana Dean.

Kwa nini iwe hapa? Sababu iko ndani ya ardhi. Bonde la Ufa ni mahali ambapo nchi imepasuka, na moto wa chini ukatoka, ukajenga Meru, na Kilimanjaro, na Ol Doinyo Lengai ambayo hata katika zama zetu imetapika majivu. Mawe na majivu ya milima hii yana floraidi kwa asili yake. Mvua ikinyesha hupenya katika majivu na kuichukua. Sasa, katika nchi nyingine, maji yenye chokaa nyingi huikamata floraidi, vikashikamana vikawa kama jiwe, vikatuama chini. Lakini maji ya milima yetu yana magadi mengi na chokaa haba, basi hakuna wa kuikamata, nayo yaenda huru mpaka katika mtungi. Ajabu yake ni kwamba maji ya namna hiyo ni laini, hutoa povu la sabuni upesi, na akina mama huyapenda kwa kufulia. Wala chemchemi zote si sawa. Mbili zilizo karibu katika mteremko mmoja zaweza kutofautiana sana, moja yafaa na moja haifai, na jicho haliwezi kuzipambanua. Wenzetu wa Kenya, upande wa Nakuru na Naivasha, na wa Ethiopia katika bonde hilo hilo, wana taabu hii hii.

Hapa twapenda kukaa kidogo, kwa kuwa kuna kisa kimoja kinachotufundisha tusiwe wepesi wa kukata shauri. Mwaka 1998 ulichapwa uchunguzi wa watoto wa mahali patatu katika Tanzania: Chanika, iliyo pwani karibu na Dar es Salaam, Rundugai, chini ya Kilimanjaro, penye maji ya floraidi nyingi, na Kibosho, juu mlimani. Maji ya Chanika hayakuwa na floraidi ya kutajika. Maji ya Kibosho pia hayakuwa nayo: chini ya miligramu 0.2. Mtu angetazamia basi kwamba meno ya watoto wa Kibosho yafanane na ya Chanika. Haikuwa hivyo. Watoto wa Kibosho walikuwa na mawaa mazito pamoja na wale wa Rundugai, na wa Chanika walikuwa salama.

Ikiwa si maji, ni nini? Mtu aliyezoea kukaa afisini angesema maabara imekosa. Lakini wachunguzi waliingia jikoni. Huko wakakuta magadi. Ninyi nyote mnayajua magadi, yale mawe na vumbi jeupe, jekundu au la kijivu, yaokotwayo kando ya maziwa na katika mabonde makavu, na kuuzwa sokoni kwa vipimo vya kopo, ambayo hutiwa katika maharagwe na kande na mboga ngumu ili ziive upesi na kuni zisiishe. Chanika hawakuwa na desturi hiyo. Kibosho na Rundugai walikuwa nayo. Na magadi yakitoka katika nchi ile ile ya majivu huwa yamebeba floraidi ile ile. Chemchemi ilikuwa safi, lakini chungu kilikuwa kimeitiwa kwa kijiko. Twapaswa kuongeza, kwa kuwa tumeahidi kusema kweli, ya kwamba wataalamu hawakuyatupia magadi lawama yote. Yako matokeo ya uchunguzi, ya Kenya na ya kwetu, yaonyeshayo kwamba kukaa mahali pa juu sana kwenyewe huongeza mawaa ya meno. Majani ya chai pia yana floraidi, na majani makuukuu yana nyingi kuliko machanga. Basi mtoto anyweshwaye chai nzito tangu utotoni huongezewa mzigo. Lakini maziwa ya mama hayana ila kidogo sana, hata mama akiwa anakunywa maji mabaya, nayo ni rehema kubwa.

Liko jambo moja ambalo watumishi wa afya, ambao twawaheshimu, yafaa waliseme wazi zaidi. Kwa miaka mingi tumewaambia watu, chemsheni maji. Neno hilo ni jema kwa habari ya kipindupindu na homa ya matumbo, wala lisiachwe. Lakini kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji hutoka kwa mvuke, floraidi hubaki katika sufuria, na kwa kuwa maji yamepungua, kadiri yake huzidi. Tumemwona mama mwenye bidii, aliyeyachemsha maji kwa muda mrefu kuliko jirani zake ili mwanawe apone mawaa. Hakuna aliyekuwa amemweleza.

Dawa zipo. Hazikosi taabu. Katika India wataalamu walitengeneza njia iitwayo Nalgonda, kwa jina la wilaya yenye ugonjwa huu, ambayo ni kutia shabu na chokaa katika maji, kuyakoroga kwa kasi, kisha polepole, na kuyaacha yatuame. Floraidi hushuka pamoja na matope meupe. Njia hiyo ilijaribiwa kwetu kwa ndoo mbili, katika kituo cha uchunguzi cha Ngurdoto, karibu na Meru. Yafanya kazi, lakini yataka kipimo sawasawa kila siku, na mama aliyerudi shambani jioni hana nafasi ya kuwa mkemia.

Njia ya pili ndiyo ituvutiayo zaidi, nayo ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe hukusanywa machinjioni, huchomwa katika tanuri penye hewa haba, kwa joto la nyuzi 400 mpaka 600 hivi, kisha husagwa iwe punje na kujazwa katika ndoo yenye bomba. Maji yakipita ndani yake huacha floraidi humo. Na sababu yake ni hii: mfupa na jino vimejengwa kwa madini ya aina moja, na floraidi huyapenda madini hayo. Lile pendo liharibulo mifupa ya mtoto ndilo linaloisafisha ndoo. Mfupa wa ng'ombe aliyekwisha kufa hupokea madhara badala ya mfupa wa mtoto aliye hai. Ngurdoto wameifanya kazi hii kwa miaka mingi, na katika Kenya Jimbo la Kikatoliki la Nakuru limetengeneza vichujio vya namna hiyo.

Lakini tusiisifu mno. Moto ukipungua, mifupa huyapa maji harufu na ladha mbaya, na watu huikataa ndoo siku ya kwanza; moto ukizidi, mkaa hupoteza nguvu. Tena wako watu wenye haki ya kuuliza ni mfupa wa mnyama gani, na alichinjwaje, nao yapasa wajibiwe kwa heshima kabla ya kuletewa ndoo, si baada. Na kubwa kuliko yote ni hili: mkaa huchoka. Baada ya muda fulani umekwisha kushiba, haushiki tena, na maji hutoka yakiwa yale yale kwa rangi na kwa ladha. Ndoo haina kengele. Mama huendelea kuitumaini miezi na miezi. Kwa hiyo kichujio bila mtu wa kuja kupima ni faraja ya uongo, na mtu huyo wa kuja kupima, mabwana, ni mtumishi kama sisi, mwenye baiskeli iliyovunjika na fungu la fedha lililokwisha mwezi wa tatu.

Njia ya tatu haihitaji maelezo marefu: kutafuta chanzo kingine, au kuchanganya maji mema na mabaya, au kukinga maji ya mvua, ambayo hayana floraidi ya kuhesabiwa. Mtoto mdogo hanywi maji mengi kwa siku. Hata kama nyumba nzima haiwezi kupata maji mema, tangi moja la mvua kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka minane lingeokoa meno ya mbele ya kizazi kizima. Haya tumeyasema mara nyingi katika vikao, na kila mara tumejibiwa ya kwamba tangi ni kazi ya idara nyingine.

Hapo twafika mahali pazito. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1984, liliweka miligramu 1.5 kwa lita kuwa mpaka. Katika Tanzania, mwaka 1974, kamati ya viwango vya maji ya vijijini ilikuwa imekubali miligramu 8, iwe ni kwa muda. Baadaye ikashushwa kuwa 4, na sasa kiwango cha taifa ni 1.5 kama cha wengine. Wako vijana wanaowacheka wazee wa mwaka 1974. Sisi hatuwacheki. Walikuwa na nchi yenye kiu, na mbele yao palikuwa na mambo mawili tu: maji yenye floraidi, au madimbwi yenye kuhara damu. Mtoto afaye kwa kuhara hangoji meno yake yaote mawaa. Walichagua walilolichagua, wakaandika neno "kwa muda." Kosa, kama liko, ni letu sisi tuliofuata, ambao tuliliona neno "kwa muda" likizeeka katika majalada, tusiulize muda huo ni miaka mingapi.

Na je, kuandika 1.5 katika karatasi kumeshusha tarakimu katika kisima hata kimoja? Idara ya Maji ina vipimo vya visima. Idara ya Afya ina daktari wa meno aonaye vinywa. Idara ya Elimu ina walimu wajuao nani hacheki darasani. Idara ya Mifugo inajua mifupa iko machinjio gani. Wenzetu wa madini wana ramani ya majivu ya volkano. Kila mmoja anacho kipande chake, kimefungwa kwa uzi, na kina namba. McKay alihitaji miaka 30, kutoka 1901 mpaka 1931, kuviunganisha vipande vya namna hiyo, naye hakuwa na ramani wala maabara karibu. Sisi vyote tunavyo katika jengo moja, na kati ya chumba na chumba ni hatua ishirini.

Tumeulizwa na mwanachama mmoja, kabla ya mkutano, kama tunataka kushitaki wakubwa. La, hatutaki. Karatasi ile ya wino mwekundu hatukuiweka jaladani kwa amri ya mtu. Tuliiweka kwa mkono wetu. Tungaliweza kuuliza mara ya pili. Tungaliweza kumwandikia daktari wa wilaya mistari mitatu. Msichana yule wa hesabu alikuwa hajazaliwa bado.

Basi Halmashauri imekubali ombi letu dogo. Mezani pale, karibu na Bwana Katibu, mnaona chupa ishirini. Ni za plastiki, wala msibadilishe mkatumia za kioo, kwa sababu floraidi na kioo havipatani, na kipimo huharibika. Kila mwanachama aendaye likizo kijijini kwao achukue moja, aisuuze mara tatu kwa maji yale yale anayotaka kuyapima, aijaze mpaka juu, aandike jina la kijiji na chanzo, kisima au chemchemi au bomba, na tarehe. Mwenye kupata nafasi aongeze habari mbili: kama watu wa hapo hupika kwa magadi, na akina mama wanasemaje juu ya meno ya watoto. Mwenzetu wa maabara amekubali kuzipima kwa utaratibu wa kazi yake.

Chupa ya kwanza imekwisha kujazwa. Tumeijaza asubuhi hii katika bomba lililo nyuma ya ukumbi huu, ambalo chai yenu ya saa nne ilipikwa kwa maji yake. Jibu litakapokuja litasomwa kwa sauti katika mkutano ujao, kabla halijatobolewa na kuwekwa jaladani.